Kompyuta ya biro inayojizima: tulichokiona, na tulipokosea

Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Makobola ya 2, na kuandikwa tena kwa ajili ya wenzetu ambao hawakufika na marafiki wanaotuchangia kutoka mbali.

Tumeombwa tuseme juu ya ile kompyuta ya biro, ama ordinatere kama wengi tunavyoiita. Mnaijua. Ni ile ambayo unaandika, unaandika, mara kioo kinakuwa cheusi, inanyamaza kidogo, halafu inaanza kuwaka yenyewe kama vile hakuna kitu kilichotokea. Na ulichoandika hakipo tena. Siku moja itafanya kazi asubuhi mpaka jioni bila neno. Siku nyingine inajizima mara tano kabla ya saa sita. Wamoja walisema ni virusi. Wamoja walisema biro ilijengwa mahali pabaya. Na wamoja, tuseme tu kwa sababu wote mlisikia, walisema kuna mkono wa mtu.

Hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuseme kirefu leo. Kama ingekuwa ni mashine tu, tungeitengeneza na kunyamaza.

Ndani ya kompyuta hiyo kuna mambo matatu. Kuna listi ya familia zilizorudi, kuanzia zile zilizoshuka Baraka na meli za HCR kutoka Kigoma mwaka 2005 na baadaye, mpaka zile zilizovuka zenyewe bila kuandikwa na mtu yeyote. Kuna hesabu ya MUSO, kase ya kijani ya mikopo na kase nyekundu ya matanga na magonjwa. Na kuna karatasi za mashamba, yaani mapatano kati ya aliyerudi na yule aliyelima pale miaka yote, pamoja na majina ya mashahidi na mipaka: mwembe gani, kijito gani, jiwe gani. Watu waliotoka hapa mwisho wa 1998 na watoto mgongoni hawakubeba karatasi. Wengine wamekaa Lugufu au Nyarugusu mpaka watoto wao wakazaa huko. Leo mpaka wa shamba unasimama juu ya kumbukumbu za wazee watatu na ukurasa mmoja ndani ya mashine hii.

Sasa, siku ya michango ya mwezi, Mama Katibu aliingiza wanachama kumi na mmoja kwenye mashine. Jioni komite ilipofungua, mbele ya majina hayo hakukuwa na kitu. Pesa ilikuwa kwenye kase. Risiti zilikuwa kwenye kitabu chake. Lakini nani alifungua kitabu? Watu walitazama kioo. Wiki hiyo hiyo maneno yakafika sokoni, na Mama Katibu akaja kuweka funguo juu ya meza ya Prezida, akaenda kwake.

Na sisi tuliongeza kuni kwenye moto huo. Tulipoitwa mara ya kwanza tulikaa biro saa mbili nzima, mashine haikuzima hata mara moja, tukaandika kwenye ripoti: “data zimefutwa na mtumiaji.” Mtumiaji alikuwa ni mmoja tu. Hatukuandika jina, lakini kila aliyesoma ripoti alisoma jina.

Tulipoitwa mara ya pili tulikuja na wazo letu tayari kichwani: virusi. Tulikuwa na sababu, kwa kuwa flashi za watu wote zinaingia kwenye mashine ile. Tukafuta programu zote, tukaweka Windows upya, siku nzima ikaisha. Tukarudi na motari usiku tukiwa na furaha. Kesho yake saa nane, tii, kioo kikawa cheusi. Kazi ile haikuwa na faida, na tena ilifuta dalili ambazo zingetusaidia. Ni kama muganga anayemwosha mgonjwa kabla ya kumtazama.

Basi mara ya tatu tulifanya kile tulichopaswa kufanya kwanza. Tulinunua kaye ya kurasa 48 na biki, tukaifunga kwa kamba kwenye mguu wa meza. Kila mara mashine inapojizima, aliye karibu aandike: tarehe, saa, ulikuwa unafanya nini, kitu gani kingine kimechomekwa, hali ya jua. Na kioo kilikuwa cheusi au cha bluu. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mengine, tutalifikia.

Wiki ya kwanza kaye haikusema kitu. Ilitupa kizunguzungu. Tulisoma “saa kumi”, “10h”, “saa nne”, tukashindwa kuunganisha. Kumbe waliorudi kutoka Tanzania wanaandika saa kumi maana yake jua linaelekea kushuka, na vijana waliosomea hapa wanaandika 10h ya Kifaransa, ni kusema saa nne asubuhi. Watu wawili wameandika tukio moja, na kwenye kaye linaonekana ni mawili. Tukafikiri tutasoma saa kwenye mashine yenyewe, maana Windows inaandika kila tukio mahali panapoitwa kwa Kifaransa “Observateur d'événements”. Huko tukakuta mashine inasema tuko miaka mingi nyuma. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya mviringo kama kifungo cha koti, ndiyo inayoshika saa wakati umeme haupo. Ya kwetu ilikuwa imekufa. Inapatikana Uvira, kwenye mgongo wake imeandikwa CR2032. Tukaibadilisha, tukakubaliana wote kuandika saa kama inavyoonekana kwenye kioo. Hapo kaye ikaanza kusema.

Neno moja juu ya ile orodha ya Windows. Mtaona imeandikwa “Kernel-Power” na namba 41. Mafundi wengine wakiiona wanasema, haya, tumepata ugonjwa. Hapana. Namba hiyo inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuaga. Haisemi kwa nini. Ni tangazo la msiba lisilotaja ugonjwa. Hata hivyo ilitufaa kwa saa yake.

Baada ya wiki tatu tulikaa na kaye na kupanga matukio. Yalijigawa yenyewe kwenye mafungu mawili. Fungu kubwa lilikuwa la alasiri, hasa siku za mawingu, na karibu kila mara kulikuwa na mtu anayechapa karatasi, au simu nyingi zimechomekwa. Fungu dogo lilikuwa la saa sita na saa saba mchana, jua kali, hakuna printa, hakuna simu. Hapa ndipo tulipoelewa kwa nini tulikuwa tunakimbizana na mambo. Tulikuwa tunatafuta ugonjwa mmoja, nayo ilikuwa na miwili. Kila tulipopata dawa ya mmoja, mwingine ulitufanya tuamini tumekosea.

Katika matukio yote hayo kioo kilikuwa cheusi, ghafula, bila maandishi. Kioo kinapokuwa cha bluu na kuandika maneno, mara nyingi ni programu, au kipande ambacho mashine imekishindwa, au kumbukumbu yake. Kinapokuwa cheusi mara moja kama umeng'oa waya, tazama umeme kwanza, halafu joto. Si sheria ya Musa, lakini inakuonyesha uanzie wapi. Na kuna mtego: Windows, ikianguka, kwa kawaida inajiwasha tena haraka hata usipate kusoma yale maandishi ya bluu. Unaweza kuikataza. Ingia kwenye mipangilio ya juu ya sistemu, penye “Démarrage et récupération”, uondoe alama kwenye “Redémarrer automatiquement”. Tuliondoa. Bado kioo kilibaki cheusi. Basi ni umeme, au joto, au vyote viwili.

Tuanze na umeme. Biro yetu haina waya wa SNEL. Tuna plaki za jua juu ya bati, betri mbili, na kile kisanduku kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumba, konvertisere. Tulikopa kipimo cha volti. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha kama 12.7. Ikionyesha 12.2 imebaki nusu. Ya kwetu alasiri moja ilionyesha 12.3, si mbaya. Tukamwambia kijana mmoja, chapa ukurasa. Printa yetu ni ya leza. Kabla ya kuchapa inapasha moto chuma chake cha ndani, na kwa dakika hiyo inavuta wati mia kadhaa, nyingine hata kupita elfu moja. Namba kwenye kipimo ilianguka chini ya kumi na moja, konvertisere ikalia ti-ti-ti, taa ya biro ikakonyeza jicho, na kompyuta ikafa na kufufuka.

Taa ilikonyeza tu. Kompyuta haiwezi kukonyeza. Lile sanduku la chuma ndani yake linaloleta umeme, depanere wetu wanaliita alimantasio, linaweza kushikilia mashine bila umeme kwa muda mdogo sana, yapata sekunde moja ukiigawa mara sitini. Zaidi ya hapo inaanguka. Ndiyo maana mtu aliyekaa pembeni anaapa kwamba umeme haukukatika, na anasema kweli kwa macho yake.

Kwa nini betri ambayo haijaisha ianguke hivyo? Tulifuata waya. Kutoka kwenye betri mpaka konvertisere kulikuwa na waya mwembamba wa taa, wenye urefu wa mita nne na zaidi, kwa sababu mtu alitaka konvertisere ikae mahali inapoonekana vizuri. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Wati 300 kwenye umeme wa mji wa volti 220 ni ampea moja na kitu. Wati hizo hizo zikitoka kwenye betri ya volti 12 ni ampea 25. Unataka kupitisha dumu zima la maji kwenye mrija wa biki. Waya ulikuwa wa moto ukiugusa. Na betri moja ilikuwa imechoka kweli. Tulipouliza, tukaambiwa maji yake yalipopungua iliongezwa maji ya ziwa. Jamani, Tanganyika ni ziwa letu na tunakunywa humo, lakini maji yake yana madini, na madini hayo yanaharibu bamba za ndani. Betri ya kuongezwa maji inataka yale maji safi ya kopo yanayouzwa kwa ajili yake tu. Hata ya mvua yaliyopita kwenye bati la kutu hayafai.

Tulihamisha konvertisere ikakaa karibu na betri, chini ya mita moja, tukaweka waya mnene wa gari, tukasafisha vichwa vya betri vilivyokuwa na unga mweupe. Hatukugusa kitu kingine. Hili tulijifunza kwa aibu ya Windows: badilisha kitu kimoja, subiri, andika. Ukibadilisha vitatu kwa siku moja na mashine ikapona, hujui ni kipi kilichoiponya, na siku ikiugua tena utaanza upya. Wiki mbili tulizosubiri, fungu la alasiri lilishuka likabaki matukio machache, yote ya wakati wa kuchapa. Sasa tunachapa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, simu zote zikiwa zimechomolewa. Vijana walinung'unika. Wamezoea.

Joto lilikuwa jepesi kulifahamu, na lilituchekesha kidogo. Mashine ilikuwa chini ya meza, mgongo umesukumwa ukutani, na juu yake kitambaa kizuri cha kitenge, kimeshonwa maua pembeni, kuikinga na vumbi. Kilikuwa juu yake wakati wote, hata ikiwa inafanya kazi. Yaani tulikuwa tunaifunika blanketi saa sita mchana chini ya bati. Processa, ule moyo wa mashine, ikikaribia nyuzi 100 inajizima yenyewe ili isiungue. Ni kinga, si ugonjwa. Tulichomoa waya, tukagusa chuma cha sanduku ili kuondoa umeme wa mwilini, tukafungua ubavu. Vumbi jekundu la barabara lilikuwa limejaa kwenye feni kama pamba, na nyuma kabisa nyigu alikuwa amejenga nyumba yake ya udongo. Tulipuliza kwa pampu ya baiskeli, tukizuia feni kwa kijiti isizunguke ovyo, maana ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuharibika. Ile pasta kati ya processa na chuma cha kupoozea ilikuwa imekauka kama ugali wa jana, tukaweka mpya. Mashine sasa imekaa juu ya meza, mbali na ukuta. Kitambaa hatukukitupa. Kinawekwa jioni, baada ya mashine kuzimwa na kupoa.

Turudi kwa wale wanachama kumi na mmoja. Tulipopata kaye na saa iliyo sawa, tulimwomba Mzee wa Hazina akae nasi. Siku ile ya michango hatukuwa bado na kaye, lakini tulikuwa na nakala ya orodha ya Windows tuliyoinakili kabla ya kufuta programu, kwa bahati tu, wala si kwa akili. Saa yake ilikuwa ya uongo. Lakini umbali kati ya tukio na tukio haukuwa wa uongo. Mashine iliwashwa asubuhi, ikazimika bila kuaga baada ya saa sita na dakika kama arobaini. Biro ilifunguliwa saa tatu. Hesabuni: inakuja kama saa tisa na dakika arobaini alasiri, ile saa ambayo watu walikuwa wanachapa listi ya matanga. Mama Katibu alikuwa hajabonyeza kuhifadhi. Kitabu cha risiti kina majina yote kumi na moja kwa mkono wake, kwa mfuatano. Kase ilihesabiwa mbele ya komite na haikupungua hata franka moja.

Kwa hiyo ile sentensi yetu, “data zimefutwa na mtumiaji”, ni ya uongo. Tuliiandika sisi, na leo tunaifuta mbele yenu, na ripoti mpya imeshatumwa kwa wafadhili walioipokea ile ya kwanza. Mama Katibu, tunakuomba msamaha. Hukutuomba kuyasema haya hapa. Ulituambia tu kwamba utarudi kama hesabu itaanzia kwenye karatasi, na mashine ifuate. Umeshinda hoja hiyo. Toka mwezi uliopita mchango unaandikwa kwanza kwenye kitabu, mwanachama anatia sahihi au kidole, ndipo unaingizwa kwenye kompyuta. Na programu imepangwa kujihifadhi yenyewe kila dakika mbili. Karatasi za mashamba zina nakala kwenye flashi mbili, moja hapa, moja Baraka kwa mtu ambaye komite inamjua.

Kwa marafiki wa mbali, ambao mliandika kwamba mko tayari kututumia kompyuta nyingine ya mezani: asanteni sana, na tunaomba msiitume. Ikija itaugua ugonjwa ule ule kwenye betri zile zile. Kama mnaweza, mtusaidie betri mbili mpya, za aina moja, zilizonunuliwa pamoja, kwa sababu mpya ikifungwa na iliyochoka, iliyochoka inaivuta chini. Baada ya hapo, kompyuta ya kubeba. Hata kama ni ya zamani, inakula wati 30 mpaka 60 tu, na ina betri yake ndani, taa ikikonyeza yenyewe haisikii. Kabla ya kuituma muitazame kama betri hiyo bado inashika, maana wengi hutuma zile ambazo haishiki tena.

Hatujamaliza. Wiki iliyopita mashine ilianguka tena, asubuhi ya baridi, hakuna printa, hakuna simu, betri imejaa. Safari hii kioo kilikuwa cha bluu na maandishi yalibaki, kwa sababu ile alama tulishaiondoa. Mama Katibu aliyanakili kwenye kaye herufi kwa herufi, na maneno hayo yanaelekeza kwenye vibao vya kumbukumbu. Viko viwili. Mtihani wake unachukua saa nyingi na wengine huuacha ufanye kazi usiku kucha. Sisi usiku hatuna umeme wa kutosha, kwa hiyo tutaufanya Jumanne kuanzia saa nne, jua likiwa juu, kibao kimoja kwanza, halafu cha pili. Anayetaka kuona afike. Simu ziachwe nyumbani.